Zamu Si Hisani: Wasomaji Wauliza Kuhusu Watoto na Bembea

Likizo ya Agosti imefika, na barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinahusu jambo moja: watoto wanapokutana viwanjani, na wazazi wanaosimama kando wasijue waseme nini. Nimechagua tano. Majina ya wenyewe nimeyaacha, kwa kuwa Mombasa ni mji mdogo na watu hukutana.

*Mwalimu, asalaam aleikum. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Jumapili nilimpeleka kwenye kiwanja cha watoto kilicho karibu na bahari. Kwanza alipanda bembea akakataa kushuka, na ingawa wenzake walikuwa wamejipanga, niliwaambia wamwache kwa kuwa bado ni mdogo. Baadaye alikaa mchangani na lori lake la plastiki alilonunuliwa na mjomba wake. Mtoto mwingine wa rika lake akaja kulishika, wangu akapiga ukelele na kulikumbatia. Mama wa yule mtoto akanitazama akasema, "Mwanao ana uchoyo, mfundishe kushea." Kwa aibu nililivuta lile lori nikampa mwenzake. Mwanangu alilia mpaka tukafika nyumbani, na usiku alilala amelikamata. Je, nimeanza kulea mchoyo?* — Mama wa Kisauni

Wa aleikum salaam, mama. Hujaanza kulea mchoyo. Ila utaniwia radhi nikikwambia kwamba siku ile mambo yalikupindukia: ulikuwa mpole kwenye bembea, ambako ukali kidogo ulihitajika, ukawa mkali kwenye lori, ambako mtoto alikuwa na haki yake.

Naona neno hili "kushea" limetuponza. Tumelichukua na kulitumia kwa kila kitu, ilhali lugha yetu ilikuwa imeshatutenganishia mambo haya tangu zamani. Tunasema kugawana, kupokezana, kuazimana, kupisha, kushirikiana, na kila kitenzi kina sheria yake. Mkate hugawanwa, kwa kuwa ukishaliwa haurudi. Bembea haiwezi kukatwa vipande, kwa hiyo hupokezanwa. Lori la mwanao si la kugawana wala si la kupokezana: ni la kuazima, na mwenye kitu cha kuazima ana haki ya kuombwa kwanza, tena ana haki ya kusema bado.

Bembea ya kiwanja si mali ya mwanao wala ya mtoto yeyote aliyepo pale. Anaposhuka hamfanyii mwenzake hisani, bali anamwachia haki yake ambayo yeye aliishika kwa muda tu. Kwa sababu hiyo hapo hapana kubembelezana. Mtoto huambiwa mapema kwamba zamu ina mwisho, na mwisho ukifika hushushwa, hata akilia, kwa mikono mipole na bila maneno mengi. Umri wa miaka minne si kisingizio, maana wale waliokuwa wakingoja wengine wao pia walikuwa na miaka minne.

Lori ni jambo jingine. Hebu fikiri umekwenda harusini umejitanda leso yako mpya, mtu usiyemjua akaivuta begani mwako, na shangazi yako akakugeukia wewe akakwambia uiachie, usiwe mchoyo. Nadhani usingejifunza ukarimu siku ile. Ungejifunza kuishika leso kwa nguvu zaidi kila uonapo watu, na ndivyo alivyofanya mwanao usiku alipolala na lori mkononi.

Usikate tamaa kwa umri wake. Utafiti mmoja uliofanywa Uswisi kwa watoto wa miaka mitatu hadi minane, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wadogo wa miaka mitatu na minne wengi wao walijipendelea walipopewa peremende za kugawa, ilhali walipofika miaka saba na minane wengi walichagua mgao ulio sawa. Mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, unatugusa zaidi. Watoto wa chekechea walipewa kibandiko cha rangi. Baadhi waliachiwa wachague wenyewe kati ya kukiweka na kumpa mwanasesere mwenye huzuni, na baadhi waliambiwa tu kwamba ni lazima watoe. Baadaye walipokutanishwa na mwanasesere mwingine, wale waliowahi kutoa kwa hiari yao ndio waliotoa zaidi. Kutoa kwa lazima hakukuacha mazoea.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Kabla hamjafunga mlango mwulize ni kipi yuko tayari kiguswe na wenzake, na kile asichokuwa tayari nacho kibaki kitandani. Ukiweza, chukua ndoo ndogo mbili badala ya lori moja, kwa sababu mtoto aliyepewa ndoo ya pili huwa ameshakuwa mwenzake kabla hata hawajajuana majina. Na lori likifika kiwanjani hata hivyo, mtoto mwingine akaja kulitaka, sema maneno machache tu: "Ni lako. Mwenzako anaomba. Utamwazima sasa, au ukimaliza kupakia mchanga?" Kisha ukubali atakalojibu. Utashangaa ni mara ngapi jibu huwa "nikimaliza", na ni mara ngapi humaliza upesi.

Yule mama mwenzako mjibu kwa adabu kwamba mtoto bado analichezea na atakapomaliza atamwita mwanawe. Kilio cha mtoto aliyekataliwa ni cha mama yake kukinyamazisha. Usikinunue kwa lori la mwanao. Na lile neno "mchoyo" naomba lisirudiwe nyumbani, hata kwa mzaha. Ni neno zito kwa mtu mzima, sembuse kumbandika mtoto wa miaka minne.

*Mwalimu, hujambo? Kiwanja tunachokwenda kina bembea mbili tu, na Jumapili jioni nimewahi kuhesabu watoto thelathini wanaozingoja. Wavulana wa darasa la tano na la sita huzikalia wasishuke, na wadogo husimama mpaka wakachoka wakaondoka. Nilipojaribu kuamua, nusura nipigane na baba mwenzangu. Nikapendekeza kila mtoto apewe dakika tano kwa saa ya simu, lakini ugomvi umezidi. Nifanyeje?* — Baba wa Tudor

Sijambo, ndugu yangu. Ulikuwa karibu kupata jawabu, ila dakika tano zilikuponza kwa njia mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Watoto thelathini kwa bembea mbili ni watoto kumi na watano kwa kila bembea. Kwa dakika tano kila mmoja, wa mwisho hungoja zaidi ya saa nzima, na mzunguko haukamiliki mpaka saa moja na robo. Hakuna mtoto mwenye subira hiyo, na sina hakika kwamba sisi wazazi wao tunayo. Ya pili ni kwamba dakika ni kitu kisichoonekana. Mtoto wa miaka minne akiambiwa "bado dakika mbili" huwa hajaambiwa lolote. Anachoona ni mwenzake akipaa na baba mmoja akitazama simu, na kila baba mwingine anashuku kwamba ile saa inawapendelea watu fulani.

Acheni dakika, hesabuni mwendo. Bembea ikienda mbele na kurudi nyuma, hiyo ni moja. Kila mtoto apewe thelathini, kisha ashuke. Na hapa kuna jambo ambalo walimu wa fizikia hulifundisha shuleni lakini sisi wazazi hatulitumii: muda wa bembea kwenda na kurudi hutegemea urefu wa minyororo yake, wala hautegemei uzito wa anayepanda, na akirushwa juu zaidi tofauti yake ni ndogo. Minyororo yenye urefu wa mita mbili huchukua karibu sekunde tatu kwenda na kurudi, awe ameketi mvulana wa darasa la sita au mtoto wa chekechea. Thelathini hizo ni kama dakika moja na nusu. Basi yule wa kumi na tano atafikiwa kwa muda usiozidi nusu saa hata ukihesabu kupanda na kushuka, na hakuna atakayedai kwamba mnene alipewa nyingi au mwembamba alidhulumiwa.

Muhimu zaidi ni nani anayehesabu. Asiwe wewe. Wahesabu wale waliojipanga, wote, kwa sauti. Nimeona jambo hili likigeuza kiwanja kizima: waliokuwa wakilalamika huwa waimbaji, mtoto aliye juu ya bembea huona fahari kuhesabiwa, na zikifika ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, anateremka mwenyewe kwa kuwa kundi zima limeshapiga makofi. Wadogo wasiojua kuhesabu hujifunza pale pale, wakiruka kumi na nne kila mara bila kujali.

Kungoja kunavumilika pale mtu anapoona kinachokuja. Sisi wa hapa tunalijua hilo vizuri. Anayengoja feri Likoni huvumilia jua na msongamano kwa sababu anaiona ile feri ikitoka ng'ambo, ikikaribia, ikishusha mlango wake. Mfichie feri nyuma ya ukuta, kisha umwambie asubiri dakika kumi na tano, uone kama hamtasukumana. Mtoto naye mpe kitu cha kutazama.

Wale wavulana wakubwa usiwafukuze. Umri wao ni wa kutaka cheo, na kiwanja kina vyeo vya kugawa. Mmoja ashike minyororo wakati mdogo anapopanda, mwingine asimamie mstari upangwe ubavuni mwa bembea, mita kadhaa mbali nayo, wala si mbele wala nyuma yake. Watoto wengi huumia kwa kupita nyuma ya bembea ya mwenzao. Wakishafanya kazi hiyo zamu yao nao ihesabiwe thelathini kama za wengine, isiwe zaidi.

Kuhusu yule baba mwenzako, nadhani kosa lilikuwa kuanza naye. Ukimwendea mzazi unamwambia kwamba malezi yake yana kasoro, hata kama hukukusudia. Simama kando ya bembea uwaulize watoto kwa sauti ya kawaida, "Anayefuata ni nani?" Watoto kumi watajibu kwa pamoja, na si rahisi kwa baba yeyote kugombana na watoto kumi.

Neno jingine dogo, ingawa hukuliuliza. Kila mtu huja saa kumi jioni kwa kuwa saa nane mchana lile bati la kuserereka linaunguza mapaja. Jaribu saa moja asubuhi, siku moja tu. Utaikuta bembea peke yake na upepo wa bahari, na mwanao atacheka hadi achoke, kisha ndani ya nusu saa atakuuliza wenzake wako wapi.

*Mwalimu, mimi ni mwalimu wa chekechea Changamwe. Tuna watoto arobaini na wanne, mipira mitatu na ua mdogo. Kila siku kuna aliyepokonywa na aliyesukumwa. Mwenzangu ameanza kuwapa peremende wale wanaocheza vizuri na wenzao. Mimi moyo unanikataa, lakini sina la kumjibu.* — Mwalimu mwenzako

Moyo wako umekuelekeza vyema. Mwaka 2008 watafiti nchini Ujerumani waliwapa zawadi watoto wa takriban miezi ishirini kila walipomsaidia mtu mzima kuokota kitu kilichoanguka, na wengine hawakuwapa kitu. Baadaye, zawadi zilipokoma, wale waliokuwa wakizawadiwa walisaidia kidogo kuliko wenzao. Walikuwa wakisaidia bure na kwa furaha, wakafundishwa kwamba kazi ile ina bei. Mwonyeshe mwenzako aya hii, na peremende zilizobaki mle ninyi wawili na chai ya saa nne.

Sasa mipira. Mpira mmoja kati ya watoto kumi na tano ni chambo cha ugomvi, kwa kuwa mwenye nguvu akiushika mchezo unakuwa wake. Badala ya kutafuta mipira zaidi, ambayo najua hamna fungu la kuinunua, tafuteni vitu ambavyo mtoto mmoja peke yake havimfai kitu. Kamba ndefu ya kuruka haichezeki na mmoja: wawili waizungushe ndipo wa tatu aruke, na aliyenaswa ndiye anayekwenda kuzungusha. Ndoo ya maji au mchanga ipitishiwe fimbo kwenye mkono wake, kila mtoto ashike ncha moja, na mmoja akikimbia peke yake yote yatamwagika. Ukuti hauchezwi ila kwa kushikana mikono. Gurudumu kuukuu la lori mtoto mmoja hawezi kulisimamisha, watatu wanaweza.

Hii si hila ya kuwashughulisha tu. Katika taasisi ya utafiti ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, watoto wa miaka mitatu waliwekwa wawili wawili mbele ya ubao wenye kamba mbili, ubao ambao haukusogea mpaka wote wawili wavute. Uliposogea, kwa makusudi mmoja alipata zawadi tatu na mwenzake moja. Mara nyingi yule aliyebahatika alimpa mwenzake moja ili wawe na mbili mbili. Lakini walipozikuta zawadi zimeshawekwa bila kuvuta, au kila mmoja alipovuta kamba yake mwenyewe, kugawana huko kulipungua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na kwangu mimi yalieleza jambo nililoliona miaka yote darasani bila kulijua jina: watoto waliochimba kisima cha mchanga pamoja hawahitaji kuambiwa kwamba maji ni ya wote.

Vifuu, magurudumu, vipande vya kamba za mnazi na mabaki ya mbao mtavipata bila fedha. Hapa kwetu si jambo geni. Mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, uliwazoesha walimu kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vitu vinavyopatikana mtaani, na bado wapo walimu waliopitia mafunzo hayo ambao wakiombwa watakuja kuwaonyesha.

Wale wadogo kabisa, wa miaka miwili na mitatu, waache wacheze bega kwa bega, kila mmoja na chake. Ni hatua ya ukuaji, si ukaidi.

*Mwalimu, mimi ni nyanya wa wajukuu sita, mzaliwa wa Mji wa Kale. Zama zetu tulicheza vichochoroni, na mtoto wa jirani alikuwa mtoto wako. Hapakuwa na mambo haya ya leo. Juzi kiwanjani nilimkanya mtoto aliyemsukuma mjukuu wangu kwenye ngazi, mama yake akanijia juu kwamba nisimseme mwanawe. Je, siku hizi mtu mzima hana tena haki ya kukanya?* — Nyanya wa Mji wa Kale

Shikamoo, Bi mkubwa. Haki unayo, na pale ambapo mtoto anaweza kuanguka kutoka kwenye ngazi si haki tu bali ni wajibu: kamata mkono, simamisha, kisha maneno yafuate. Mama yake akikasirika na akasirike.

Lakini naomba ruhusa ya kutokubaliana nawe kidogo kuhusu zama zetu. Nami nililelewa kwenye vichochoro hivyo, na ninayakumbuka mabaraza na wazee wake, ila nakumbuka pia gololi zangu saba zilizokwenda na mvulana mmoja mkubwa aliyekuwa akibadilisha kanuni kila aliposhindwa. Wakubwa walituonea, na wazee wa barazani hawakujua, kwa kuwa kusema ilikuwa uchongezi. Tulicheza pamoja, ni kweli, na tulidhulumiana pia.

Tulichokuwa nacho ni muda. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliketi na watoto waliokuwa wakicheza gololi na kuwauliza kanuni zao, na mwaka 1932 akaeleza alichokiona: wadogo kila mmoja hucheza kivyake huku akiamini wanacheza pamoja, na wote wanaweza kudai wameshinda, kuanzia kama miaka saba huanza kutafuta kanuni ya wote, wakifika kumi na moja au kumi na mbili hupenda kujadili kanuni hata kuliko mchezo wenyewe. Majadiliano hayo yote yanahitaji saa nyingi za kukaa pamoja, watoto wale wale, siku baada ya siku. Sisi tulizipata kichochoroni. Mjukuu wako anakutana na watoto asiowajua, kwa saa moja, kisha kila mtu anapanda tuktuk yake. Basi hawezi kungojewa agundue kanuni mwenyewe. Inabidi mtu mzima alete kanuni fupi na kuilinda.

Kuhusu kukanya, nadhani tatizo ni swali letu la kale: "Wewe mtoto wa nani?" Zamani lilikuwa swali la kutafuta undugu, kwa kuwa jibu lake lilikuonyesha nyumba ya kwenda kusema. Leo mama akilisikia husikia mashtaka. Usimseme mtoto, sema na mchezo. "Kwenye ngazi tunapanda mmoja mmoja." "Huyu amefika kwanza, wewe ni wa pili." Maneno hayo hayamtaji mtu na hayana hasira, na mtoto huyatii upesi kwa kuwa hayamwaibishi mbele ya wenzake. Tena ukifika kiwanjani wasalimie wale mama kabla ya watoto hawajaanza. Mama aliyeamkuliwa vizuri saa kumi hana ndimi kali saa kumi na moja.

*Mwalimu, mimi ni msichana wa miaka tisa. Mdogo wangu ana miaka mitano. Nikiwa kwenye bembea akiitaka, mama anasema, "Mwachie, wewe ndiye mkubwa." Nikichora akazitaka rangi zangu, "Mwachie, wewe ndiye mkubwa." Nitakuwa mkubwa mpaka lini?* — Msomaji wa Bamburi

Mwanangu, hujambo? Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu, akanitazama vibaya.

Mkubwa utakuwa siku zote, na hilo halina dawa. Lakini zamu haina mkubwa wala mdogo. Kwenye bembea utahesabiwa thelathini zako kama nilivyomweleza yule baba wa Tudor, na mdogo wako atangoja mpaka ziishe, kisha utamsukuma yeye zake thelathini. Rangi ni zako. Akiziomba unaweza kumpa, unaweza kumwambia umalize kwanza, na ukipenda unaweza kumchagulia mbili ambazo huzitumii sana, kama ile ya kahawia.

Mwonyeshe mama ukurasa huu wakati amepumzika, asubuhi usimwonyeshe. Mama, nawe niseme nawe: najua kilio cha mdogo ni kikubwa na cha dada yake ni kidogo, na mtu aliyechoka huzima moto ulio karibu. Ila huyu wa miaka tisa amekuwa akitoa haki yake kila siku, na hisani yake hata hajaulizwa. Mdogo naye anajifunza kwamba akilia zamu huja. Akienda kiwanjani ambako hakuna dada wa kumpisha, atakuwa yule mtoto wa bembea asiyetaka kushuka.

Basi mwanangu, jaribuni wiki hii, nawe uniandikie imekuwaje. Zikifika thelathini, shuka. Na ikifika zamu ya mdogo wako, usihesabu mbio mbio makusudi. Nami niliwahi kuwa na miaka tisa.